Njia panda, si kilomita: kinachomjenga mwanamichezo wa orientiringi ya ski

Mjadala wa orientiringi ya ski, mchezo wa kutafuta vituo msituni kwa ramani huku mtu akiteleza juu ya theluji kwa ski, ukizuka popote, hoja ya Olimpiki ndiyo hutangulia. Mchezo unasimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Orientiringi (IOF) lililoundwa mwaka 1961. Mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Hyvinkää, Finland, mwaka 1975, na miaka miwili baadaye Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua shirikisho hilo. Pamoja na hayo yote, mchezo haujapata nafasi kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, na mwaka 2026 huko Milano na Cortina mgeni aliyekaribishwa alikuwa ski ya kupanda milima. Wengi huishia hapo: hakuna Olimpiki, hakuna fedha, hakuna wanamichezo.

Fedha ni shida ya kweli, sibishi. Lakini ukiwafuatilia vijana wanaoanza na miaka kumi na mitano na kuacha na ishirini na mbili, utaona kuwa wengi wao hawakushindwa na nauli wala bei ya ski. Walishindwa kwa sababu hawakuwahi kupata njia panda za kutosha. Idadi ya njia panda halisi alizopita mtu kwa kasi ya mashindano, ramani ikiwa kifuani, ndiyo inayoamua kama ataingia katika kumi bora au atabaki nafasi ya arobaini maisha yake yote. Na njia panda hizo ni bidhaa adimu kuliko watu wanavyodhani.

Kwa asiyeujua mchezo, afikirie vichochoro vya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mgeni apewe ramani, aambiwe aguse milango kumi na miwili kwa mpangilio maalumu, achague mwenyewe njia kati ya mlango na mlango, na saa iwe inahesabu. Sasa uondoe mawe uweke msitu wa misonobari, uondoe vichochoro uweke njia za theluji zilizoshindiliwa, na mkimbiaji umvalishe ski zinazoweza kumpeleka mita sita kwa sekunde. Mashindano ya sprinti huchukua robo saa hivi, mbio za kati dakika arobaini na kitu, na mbio ndefu huzidi saa moja. Kila kituo kina kifaa cha kielektroniki kinachosoma chipu anayovaa mshindani. Akikosa kituo kimoja, au akivigusa nje ya mpangilio, matokeo yote hufutwa.

Njia hizo hazipo msituni siku zote, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Siku chache kabla ya mashindano waandaaji huingia na pikipiki za theluji, wakiburuta kifaa kidogo cha kushindilia. Hupita mara mbili au tatu kwenye kila mstari, kisha huuachia usiku wa baridi uugandishe. Mtandao wa mashindano makubwa una makumi ya kilomita ya njia za namna hii, zikikatana kila baada ya mita hamsini, themanini, mia. Kwenye ramani zote huchorwa kwa kijani: njia pana na ya kasi hupata mstari mzito usiokatika, na kadiri njia inavyozidi kuwa nyembamba na mbovu ndivyo mstari unavyokuwa mwembamba na kukatikakatika. Theluji mpya ya sentimita kumi na tano ikidondoka usiku, kazi ya siku tatu imekwenda na dereva wa pikipiki analazimika kurudia kila mstari kabla ya alfajiri. Mashindano yakiisha, hakuna anayezihudumia tena. Wiki moja baadaye mtandao umefunikwa, na pale palipokuwa na njia panda mia kadhaa pana msitu mweupe tu.

Muogeleaji ana bwawa mwaka mzima. Mkimbiaji wa Iten ana barabara yake ya vumbi kila alfajiri. Mwanamichezo wa orientiringi ya ski hana uwanja. Tuseme kwa mwaka ana mashindano ishirini yenye wastani wa dakika arobaini: hiyo ni saa kumi na tatu na dakika ishirini. Mwongezee mazoezi ishirini ya saa moja na nusu kwenye mtandao halisi, na huyo ni mwenye bahati, anaishi kaskazini na klabu yake ina pikipiki ya theluji: ni saa thelathini. Jumla haifiki arobaini na nne. Mtu wa kiwango hicho hufanya mazoezi ya mwili saa mia sita, mia saba au zaidi kwa mwaka. Kwa hiyo stadi inayoamua ushindi hupata takriban asilimia sita ya muda wake, na asilimia tisini na kitu inakwenda kwenye mapafu, miguu na mabega. Kocha anayejivunia daftari lililojaa kilomita anajivunia kitu ambacho wapinzani wote wanacho.

Tuangalie kinachotokea kwenye njia panda yenyewe. Mtelezaji anakwenda mita tano kwa sekunde kwenye mtandao mzito ambamo njia hukatana kila baada ya mita sabini na tano. Maana yake ana sekunde kumi na tano kati ya uamuzi na uamuzi. Sprinti ya dakika kumi na mbili ina sekunde 720, kwa hiyo ni maamuzi arobaini na nane, moyo ukidunda karibu na kikomo. Hawezi kusoma kila njia panda anapoifikia. Lazima awe ameshaipanga minyororo mifupi kichwani: kulia, moja kwa moja, kushoto kali, kituo. Maamuzi matatu au manne kwa mkupuo, si zaidi, kwa sababu ubongo uliokosa oksijeni hudondosha la tano.

Ramani imekaa kwenye kibao kinachozunguka, kilichofungwa kwa mikanda kifuani, ili mikono ibaki na fimbo. Watu hudhani kibao kimemaliza tatizo. Kimelihamisha tu. Kila unapokizungusha kwa mkono umepoteza msukumo mmoja wa fimbo. Ukisukuma kwa nguvu kifua kinapanda na kushuka, na mistari ya nusu milimita inacheza machoni. Mahali pazuri pa kusomea ni tambarare au mteremko mpole ulionyooka, ski zinapoteleza zenyewe. Mteremko mwembamba wenye kona ni mahali pabaya kuliko pote, na ndipo anayeanza hujikuta akisoma kwa sababu ndipo alipopata nafasi ya kupumua. Anaanguka, kibao kinampiga kidevuni, na akiinuka hajui tena alikuwa njia panda ya ngapi.

Kosa linalogharimu zaidi ni njia sambamba. Kwenye ramani ya skeli ya 1:10,000, njia mbili zilizoachana mita kumi na tano zina milimita moja na nusu tu kati yake. Mtelezaji anaingia ya kwanza akidhani ni ya pili. Kwa mita mia moja kila kitu kinaonekana sawa: mwelekeo ule ule, kilima kile kile. Kisha njia panda aliyoitarajia kushoto haiji. Mwenye uzoefu husimama papo hapo, kwa sababu ameshazoea kuuliza mapema, “nikishafika hapa, nione nini kama niko sahihi?” Asiye na uzoefu husukuma mbele mita mia mbili zaidi akitumaini ramani itakubaliana naye. Wa kwanza kapoteza sekunde kumi. Wa pili kapoteza dakika na nusu, na mbio za kati hazina pa kuirudishia.

Kuchagua njia nako kuna hesabu yake, na hesabu hiyo hufundishika. Chukua hatua ya mita 900 kwa mstari ulionyooka kati ya vituo viwili. Kushoto kuna njia pana ya mita 1,400. Kulia kuna mlolongo wa njia nyembamba wa mita 1,050 wenye njia panda tisa. Kwenye njia pana mtelezaji hufungua miguu, anasukuma kwa ubavu wa ski na kwenda mita sita kwa sekunde: sekunde 233. Kwenye njia ya upana wa mita moja na kitu miguu haifunguki, kazi inabaki kwa mikono, fimbo zote mbili zikichoma kwa pamoja, na kasi inashuka hadi mita nne: sekunde 262. Ongeza sekunde moja au mbili za kusita kwenye kila njia panda, na tofauti inafika karibu sekunde arobaini hadi hamsini. Bado jicho linavutwa na njia fupi, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na mstari wa zambarau unaounganisha vituo. Kijana akiifanya hesabu hii mezani mara mia tano, siku ya mbio haifanyi tena, anaiona.

Kukata msituni nako hivyo hivyo. Kanuni kwa kawaida zinaruhusu kuacha njia na kupita kwenye theluji isiyoshindiliwa. Mita hamsini kwenye theluji laini inayofika magotini hula sekunde thelathini na tano hadi hamsini. Katika sekunde hizo, aliyebaki kwenye njia amekwenda kati ya mita 175 na 250. Kwa hiyo kukata mita hamsini kuna maana tu pale panapookoa zaidi ya hapo, au panapokwepa mlima. Isipokuwa machi na aprili, baada ya mchana wa jua na usiku wa baridi kali, uso wa theluji unapoganda ukawa kama sakafu. Asubuhi hiyo msitu mzima ni njia, na mtandao wa kijani hauna tena mamlaka. Mwenye kuingia na mazoea ya januari anapigwa vibaya. Jua likipanda karibu na adhuhuri sakafu inayeyuka, na aliyeanza mwishoni mwa orodha akijaribu ujanja wa waliotangulia anazama hadi mapajani.

Haya yote yanatoa jibu kwa swali ambalo makocha hubishania kila mwaka: nani aletwe, mtelezaji afundishwe ramani, au msoma ramani afundishwe ski? Wanaoamini mapafu humleta mtelezaji hodari wa miaka ishirini aliyekosa nafasi kwenye timu ya taifa ya ski. Msimu wa kwanza anafurahisha: kozi zenye njia pana na vituo vichache anazimaliza vizuri. Msimu wa tatu bado yuko pale pale, kwa sababu kila akiongeza kasi makosa yanaongezeka kwa kiwango kile kile, na mtandao halisi wa kumtibu haupo. Aliyetoka kwenye orientiringi ya miguu ana ugonjwa mwingine. Anapenda mistari ya kontua kupita kiasi, anasoma vilima na mabonde ambavyo hapa havimsaidii sana, na anasimama sekunde tano pale ambapo mwenzake hasimami. Lakini huyu ana akiba kubwa: maelfu ya saa za kuoanisha karatasi na ardhi. Ski yake ikiwa ya utotoni, yaani aliijua kabla ya miaka kumi na miwili, anarekebishika. Ikiwa aliikuta ukubwani, hapana.

Wasomaji wa Kiswahili wanamkumbuka Philip Boit, Mkenya aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Finland kujifunza ski na kushiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Mapafu alikuwa nayo, moyo alikuwa nao, na bado alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, kwa sababu usawa juu ya theluji haununuliwi kwa nguvu. Bjørn Dæhlie, bingwa wa mbio hizo, alimsubiri mstarini kumkumbatia, naye alistahili heshima hiyo. Boit alikuwa na stadi moja tu ya kuitafuta, tena kwenye njia iliyotengenezwa vizuri na isiyokuwa na njia panda hata moja.

Mfano unaotajwa sana upande wa pili ni Tove Alexandersson wa Sweden, aliyezaliwa mwaka 1992, wa klabu ya Stora Tuna OK huko Dalarna. Amekuwa bingwa wa dunia wa orientiringi ya miguu na ya ski. Mwaka 2016 alishinda mbio za kati na ndefu kwenye mashindano ya dunia ya miguu huko Strömstad, na mwaka 2018 akawa bingwa wa dunia wa mbio za milimani za skyrunning huko Scotland. Watu huitazama orodha hiyo na kusema: mnaona, ni injini. Mimi naisoma kinyume. Injini yake ni ya ajabu, ndiyo, lakini ni mtu ambaye hakuacha kusoma ramani mwaka mzima. Theluji ilipoyeyuka aliendelea na miguu. Theluji iliporudi ramani ilikuwa haijapoa mkononi. Wanaofunga kibao kabatini mwezi wa nne na kukifungua wa kumi na mbili hawafanyi mchezo ule ule alioufanya yeye.

Njia za kujaza upungufu zipo, na hazina gharama kubwa. Iliyo karibu zaidi ni orientiringi ya baiskeli za milimani, iliyo na mashindano yake ya dunia tangu mwaka 2002. Hapo pia mtu amefungwa kwenye mtandao wa njia, anachagua ndefu ya kasi au fupi ya taabu, na ramani iko kwenye kibao kinachozunguka. Mikono haisukumi fimbo, lakini uamuzi ni ule ule. Warusi wana aina nyingine ya mashindano inayostahili kuigwa: mshindani anafuata njia iliyowekewa alama, anakuta vituo visivyochorwa kwenye ramani yake, na anatakiwa kuonyesha kwenye karatasi mahali hasa kilipo kila kimoja. Akikosea anaongezewa muda. Haihitaji mtandao. Njia moja inatosha, na inamlazimisha mtu kujua alipo kila sekunde.

Kwa wiki ya kawaida ya kiangazi ningepanga hivi. Mara mbili, ski za magurudumu kwenye barabara tulivu na kibao kifuani, ramani ya zamani ya mashindano ya mbali ikiwa imewekwa. Mtelezaji anakwenda vipindi sita vya dakika tano kwa nguvu ya mashindano. Ndani ya kila kipindi anaamua hatua tatu, kwa sauti, kabla ya kufika nguzo iliyokubaliwa. Kinasa sauti kidogo mfukoni kinahifadhi. Jioni anakaa na ramani tupu na saa, anapima kila njia aliyochagua kwa milimita, anaigeuza kuwa sekunde, na kuandika ni kipindi cha ngapi alianza kuchagua vibaya. Kwa wengi ni cha nne. Hapo kocha anapata namba ya kufanyia kazi: mtu huyu fikra zake hudumu dakika kumi na tano za nguvu hiyo, kisha hukatika. Kilomita haziwezi kumwambia hivyo.

Kwenye vifaa nitapita haraka, kwa kuwa makosa yake yanajulikana. Vikapu vya fimbo viwe vipana kuliko vya ski ya kawaida, la sivyo fimbo inazama kwenye njia laini za pikipiki na bega linaumia. Ski za mashindano za bei kubwa zibaki kwa kozi safi. Njia nyembamba zina vijiti na mawe, na barabara iliyomwagiwa mchanga hukwaruza sehemu ya chini kwa mita thelathini tu. Mikanda ya kibao ikazwe mtu akiwa amevaa nguo atakazoshindania, si sebuleni na fulana, na plastiki ya kufunikia ramani ijaribiwe kwenye baridi halisi, kwa sababu kwenye nyuzi ishirini chini ya sifuri plastiki rahisi hupasuka.

Upungufu wa theluji unafanya uhaba huu uwe mbaya zaidi kwa namna ambayo wenzetu wa ski ya kawaida hawaisikii. Wao wana theluji ya kutengenezwa na wana mahandaki. La Vuokatti, Finland, lilifunguliwa mwaka 1997 na lina zaidi kidogo ya kilomita moja ya njia chini ya ardhi. Ni msaada mkubwa kwa miguu na mapafu. Lakini mzunguko wa theluji ya mashine ni mstari mmoja unaojirudia, na handaki ni hivyo hivyo. Kadiri majira ya baridi yanavyofupika, mwanamichezo wetu anaweza kuongeza kilomita zake huku njia panda zake zikipungua, na daftari lake likaonyesha maendeleo.

Ndiyo maana naona mageuzi ya haraka hayako kwenye vikao vya Olimpiki. Yako kwa dereva wa pikipiki ya theluji. Eneo la mashindano makubwa hufungwa kwa washindani kabla ya siku yenyewe, na ni haki. Lakini mashindano yakiisha jumapili, mtandao bado ni mzima na mara nyingi huachwa ufe. Gharama kubwa, ya kuufungua, imeshalipwa. Kuupitia upya jumapili jioni na jumatano asubuhi ni kazi ya madereva wawili na mafuta. Chapisha ramani mpya tatu zenye vituo vilivyohamishwa, acha vifaa ishirini vya kielektroniki msituni, na uwaalike vijana wa chini ya miaka ishirini wa nchi zote zilizofika, maana walishalipa nauli. Siku nne, mazoezi mawili kwa siku, kila moja la saa moja na nusu: saa kumi na mbili za mtandao halisi. Kwa kijana wa Bulgaria, Japan au Uswisi, hizo ni karibu sawa na saa zote za mashindano ya msimu mzima, na zinaanza jumatatu saa tatu asubuhi, njia zikiwa zimeganda vizuri.